Mlio Unaokuja na Kutoweka

Somo: 1 Samweli 3:1-18

Tunawasalimu nyote mlioketi karibu na redio jioni hii: ninyi mlio nyumbani na jamaa zenu, ninyi mnaolinda zamu ya usiku, na ninyi mlio safarini. Sisi tunaozungumza nanyi ni mume na mke, na leo hatukuja na jambo kubwa. Tumekuja na habari ya motokaa iliyokuwa ikilia.

Yamkini wewe msikilizaji huna motokaa. Tafadhali usizime redio. Baiskeli hulia, cherehani hulia, na mlango wa jikoni pia hulia. Tena iko milio isiyo ya chuma wala ya mbao, na hiyo tutaifikia kabla ya kuagana.

Motokaa yetu ni saluni ya zamani. Hututoa nyumbani, karibu na mji wa Embu, ikatupeleka sokoni, kanisani, harusini na mazishini. Asubuhi moja tulipokuwa tukiteremka kuelekea mjini tulisikia mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyepotewa na mamaye. Nyiii, nyiii, nyiii, halafu kimya. Tukaegesha kando ya barabara, tukafungua boneti, tukatazama ndani kama watu wengi watazamavyo, yaani bila kujua tunatazama nini. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri. Tukafunga boneti, tukaendelea na safari.

Siku mbili zilipita bila mlio. Tukaambiana, "Umekwisha." Siku ya tatu, tukiwa njiani kwenda kumzika jirani, ukarudi.

Basi ukawa mchezo wake. Leo unalia, kesho haulii. Unalia barabarani, unanyamaza nyumbani. Mmoja wetu alisema ni kiti kinachosuguana na mlango. Mwingine alisema ni breki, na kwamba yule wa kwanza huzikanyaga vibaya. Mnajua maneno ya namna hiyo yanavyoanza na yanavyomalizika. Siku moja tulifika kanisani bila kusemezana, kwa ajili ya mlio ambao wakati ule haukuwapo hata kidogo.

Tulimwendea fundi wa kwanza. Akaingia, akaendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kimya kabisa. Akatuambia gari ni zima. Ninyi mliowahi kuumwa na jino mnalijua jambo hili: usiku kucha hulali, lakini ukifika mlangoni mwa daktari jino linanyamaza. Fundi wa pili alisema ni mkanda wa feni. Tukanunua mwingine, ukafungwa, tukalipa. Kwa siku mbili tulifurahi, kisha mlio ukarudi na mkanda wake mpya. Wa tatu alisema ni mipira ya bushi iliyokauka, akaimwagia mafuta ya injini. Baadaye tulikuja kujua kwamba mafuta ya injini huulainisha na kuuharibu mpira, kwa hiyo tulikuwa tumelipa ili tuharibiwe. Wa nne aliinama, akachungulia katika matundu ya rimu ya gurudumu, akaona kibao cha breki bado ni kinene, akasema, "Breki zenu ni nzuri."

Ndipo tukafanya jambo ambalo tunaona haya kulisimulia katika redio. Tuliongeza sauti ya redio. Ndiyo, ndugu zetu. Kila mlio ulipoanza, mkono wa mmoja wetu ulikwenda kwenye kitufe. Kwaya zikaimba kwa nguvu, nasi tukawa na amani ya watu wasiosikia.

Sasa, mama mzazi wa mmoja wetu anaishi nasi. Ni mzee, macho yake yamefifia, nayo miguu haimwitikii kama zamani. Dada yake mkubwa anakaa Chogoria, na wakati ule tulikuwa tumepata habari kwamba ni mgonjwa. Tukapanga tumpeleke Mama siku ya Jumanne akamwone.

Ninyi mnaoifahamu barabara ya kutoka Embu kwenda Meru mnajua inavyopita. Mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya imechimba mabonde marefu, na barabara huyakata moja baada ya jingine: inashuka, inavuka daraja, inapanda, inashuka tena. Kati ya Chuka na Chogoria kuna bonde la mto Nithi. Mteremko wa hapo ni mkali, tena una kona, na daraja liko chini kabisa. Julai 2022 basi moja lilitumbukia hapo, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha yao. Hakuna dereva wa sehemu zile asiyelijua daraja hilo. Hiyo ndiyo njia tuliyokuwa tukijiandaa kumpitisha Mama, tukiwa na gari lililokuwa likilia, na redio iliyofunguliwa kwa sauti kubwa.

Jumapili tulipokuwa tukirudi kutoka ibadani, Mama alikaa mbele upande wa kushoto, kwa maana ndiko miguu yake hupata nafasi. Akasema, "Punguzeni redio. Kuna kitu kinalia chini ya miguu yangu."

Tukamjibu, "Mama, si kitu. Ni gari tu limezeeka."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hata mimi nimezeeka. Lakini nikilia, huwa kuna kinachoniuma."

Wasikilizaji, neno lile lilituchoma. Hata hivyo tungali na kiburi, tukacheka kana kwamba amesema mzaha. Lakini usiku hatukulala vizuri. Asubuhi ya Jumatatu tukasema, twende kwa fundi mmoja zaidi.

Fundi huyu alikuwa kijana, na gereji yake ilikuwa mabati manne chini ya mti. Tulidhani atachukua spana na kuanza kufungua. Hakuchukua spana. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akaketi juu ya tairi kuukuu, akatuuliza, "Hulia lini?"

Tukasema, "Hulia kila mara." Akasema, "Sasa hivi halilii, kwa hiyo si kila mara. Hulia lini? Asubuhi gari likiwa baridi, au likishapata moto? Likisimama na injini inanguruma, au mpaka magurudumu yazunguke? Mkiongeza mwendo, mlio nao huharakisha? Mkikata kona hubadilika? Na mkikanyaga breki, huzidi au hukoma?"

Tulitazamana kama wanafunzi wasiofanya kazi waliyopewa na mwalimu. Mwezi mzima tulikuwa tumeusikia mlio ule. Tulijua unatuudhi namna gani. Tulijua tumetumia fedha ngapi. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kujibu swali moja la yule kijana.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari, katika kiti cha mbele. "Halilii asubuhi," alisema Mama. "Tukitoka nyumbani ni kimya. Hulia tukishakwenda mwendo. Tukienda polepole hulia polepole, nyii, nyii, kama gurudumu la mkokoteni. Na tunapokaribia matuta ya pale shuleni, mkianza kusimamisha gari, hunyamaza. Tukishavuka matuta huanza tena. Ni hapa kushoto."

Yule kijana akasimama. Akasema, "Asante, Cucu. Umeshanifanyia nusu ya kazi."

Tungependa kutua hapa kidogo, kwa sababu wapo wanaotusikiliza ambao motokaa zao hulia, nasi tungependa tuwape faida tuliyoipata. Fundi alitueleza kwamba mlio wa kuja na kutoweka hautafutwi kwanza kwa kuuliza "ni nini?" Hutafutwa kwa kuuliza "ni lini?" Ukilijua lini, umekaribia kulijua wapi.

Mlio ukisikika gari likiwa limesimama na injini inanguruma, basi magurudumu hayana hatia; utafute upande wa injini. Ukilia unapowasha asubuhi ya baridi au ya mvua, kisha ukanyamaza baada ya dakika chache, shuku mkanda wa feni kwamba umelegea au umechakaa. Ukisikia mluzi wa hewa injini inaponguruma, huenda bomba la mpira linalopitisha hewa limepasuka mahali. Mlio ukija tu magurudumu yanapozunguka, na kuharakisha kadiri gari linavyoharakisha, utazame breki, beringi za magurudumu na vyuma vinavyozungusha magurudumu. Ukiwa ni mvumo mzito unaobadilika unapopinda kulia au kushoto, beringi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ukitokea kwenye mashimo na matuta tu, tazama springi na bushi: simamisha gari, likandamize kwa mikono pembe moja baada ya nyingine, usikilize ni pembe ipi inayojibu. Mluzi ukija kwenye mwendo wa kasi peke yake, mara nyingi ni upepo unaopita kwenye mpira wa mlango au kwenye keria ya juu. Bandika utepe wa gundi kwenye ufa mmoja, uendeshe. Ukisikia bado, ubandue ubandike mahali pengine. Mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa maana ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi lililokuponya. Na gari likianza kukwaruza ghafula baada ya kupita barabara ya changarawe, huenda ni kijiwe kimejibana kati ya diski ya breki na bati linaloikinga.

Mtu aweza kuyaandika haya kwenye karatasi ndogo na kuiweka garini: siku, saa, barabara, mwendo, mvua au jua. Karatasi hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo marefu. Lakini tunawasihi: msiingize mikono karibu na mkanda injini ikinguruma, wala mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Haya, turudi kwa yule kijana. Alimwomba mmoja wetu aendeshe polepole sana kando ya ukuta mrefu wa ghala lililokuwa jirani, vioo vya madirisha vikiwa wazi. Ukuta hurudisha sauti, na mlio ambao ndani ya gari unapotea hurudi sikioni ukiwa dhahiri. Yeye akatembea kwa miguu kando yetu, ameinamisha kichwa. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Tulikuwa tumeanza kukata tamaa. Mara ya tano, breki zilipokwisha kupata moto, kifaranga akalia. Nyiii, nyiii. Kijana akapaza sauti, "Kanyaga breki kidogo!" Tukakanyaga. Ukanyamaza. "Achia!" Ukalia tena. Akatabasamu, akaenda kuchukua jeki.

Gurudumu la mbele la kushoto likatolewa. Kibao cha nje cha breki, kile ambacho mafundi hukiita pedi, kilikuwa kinene na kizuri, kama alivyokiona yule fundi wa nne. Kijana akafungua kishikio chake na kutoa pedi ya pili, ile ya ndani, isiyoonekana mtu akichungulia kutoka nje. Akaiweka kiganjani mwa mmoja wetu. Wapenzi wasikilizaji, pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi au zaidi, na ikifika milimita 3 inapasa kubadilishwa. Ile ilikuwa imebaki kama ukucha. Vipini vinavyokiwezesha kile kishikio kuteleza huku na huku vilikuwa vimeshika kutu, kwa hiyo pedi ya nje ilikuwa ikipumzika na pedi ya ndani ikifanya kazi ya wawili.

Akatuonyesha kitu kingine. Kwenye pedi ile ya ndani kulikuwa na kipande kidogo cha bati, kimepindwa kama kidole. Akauliza, "Mnaona hiki? Hiki ndicho kilichokuwa kikilia. Kimewekwa na waliotengeneza pedi. Pedi ikiwa nene, hakigusi kitu. Ikiisha, kinagusa diski na kuanza kulia. Mkikanyaga breki, pedi inakandamizwa na kukaa imara, ndipo kinanyamaza. Mwenye gari akisikia, anajua wakati umefika. Asiposikia, pedi itakwisha kabisa, chuma kitasaga chuma, na siku atakapozihitaji breki hatazipata kama alivyozizoea."

Tukanyamaza wote. Sisi tulidhani mlio ni ugonjwa. Kumbe ulikuwa mjumbe.

Jambo hili lilitushangaza hata tukataka kulijua zaidi. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki za diski mwaka 1902, na breki zake, zilizotumia vibao vya shaba nyekundu, zilipiga kelele ya kutisha. Mafundi wa nyakati zilizofuata walihangaika wapate breki zilizo kimya, wakafanikiwa. Kisha, walipokwisha kuzipata, wakaweka kipande cha bati ili zilie tena, kwa makusudi, wakati wa hatari. Kwa nini? Kwa sababu waligundua kwamba breki inayokwisha bila kusema neno ni mbaya kuliko breki inayolia. Mlio unaoudhi ulikuwa ni huruma ya mtu asiyetujua, aliyefikiria mapema kwamba siku moja tutateremka mlima na mama mzee katika kiti cha mbele.

Ndugu na dada, sasa tufungue lile somo letu katika kitabu cha Samweli. Mtoto Samweli amelala hekaluni. Sauti inamwita. Anaamka, anakimbia, lakini anakimbilia pasipo. Anakwenda kwa mzee Eli. Eli anamwambia hakuita, arudi akalale. Sauti inanyamaza, kisha inarudi. Mara ya pili Samweli anakwenda pale pale. Mara ya tatu vile vile. Hakuwa mvivu wala hakuwa mkaidi. Alisikia vizuri sana, ila hakujua sauti inatoka wapi. Je, sisi tulipobadilisha mkanda wa feni hatukuwa kama yeye?

Ni nani aliyetambua? Ni Eli, mzee ambaye Maandiko yanasema macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Yeye hakuisikia ile sauti hata mara moja. Lakini aliyasikiliza maneno ya mtoto, akaangalia jinsi jambo lenyewe lilivyorudia, akaelewa. Akamwambia mtoto cha kufanya sauti ikija tena. Na asubuhi, alipotaka kujua ameambiwa nini, habari yenyewe ilihusu nyumba ya Eli mwenyewe, na wana wake ambao hakuwazuia. Samweli aliogopa kusema. Eli akamwonya asimfiche hata neno moja.

Hapo ndipo penye uzito. Tunapoomba kujua mlio unatoka wapi, mara nyingi tunatumaini unatoka kwa mwingine. Mume anatumaini ni mke anavyokanyaga breki. Mke anatumaini ni kiti cha mume. Lakini yafaa tuwe tayari kusikia kwamba unatoka chini ya miguu yetu wenyewe.

Sasa tuseme ile milio isiyo ya chuma. Yuko baba ambaye ni mpole wiki tatu, na wiki ya nne hakuna mtoto anayethubutu kupita mbele yake. Amani ikirudi nyumbani husema, "Imekwisha." Haijaisha, baba. Uliza ni lini. Kama ni kila mwisho wa mwezi, huenda tatizo si watoto; huenda ni deni ambalo hujamwambia mkeo. Yuko mtoto ambaye huumwa na tumbo Jumapili jioni, na Ijumaa ni mzima kabisa. Usimwite mwongo. Uliza ni nini kinachomngoja shuleni siku ya Jumatatu. Yuko mama mwenye kikohozi kinachokuja na kwenda tangu mvua za mwaka jana; kwa kuwa leo hakohoi, anasema hana haja ya kwenda kliniki. Yuko mzee wa kanisa ambaye furaha yake hupotea kila hesabu za harambee zinapotajwa, nasi sote tunamheshimu mno hata hatumwulizi kitu. Wako ndugu wawili wanaosalimiana vizuri, mpaka jina la shamba la marehemu baba yao litajwe.

Milio hii yote ina tabia moja: ikinyamaza, hutufanya tufikiri imepona. Lakini pedi ile ilikuwa ikiisha siku za kimya kama ilivyokuwa ikiisha siku za kelele. Kimya si dawa. Tena Jumapili asubuhi sisi sote ni kama gari mbele ya fundi. Tumevaa vizuri, tunaimba, hatulii. Mchungaji akitupeleka mpaka mwisho wa mtaa na kuturudisha, atasema tu wazima. Yeye naye aweza kuchungulia kwenye matundu ya rimu na kuona pedi ya nje.

Basi tufanyeje? Tuliyojifunza ni machache. La kwanza, tupunguze redio. Twasema hivi sisi tunaosema katika redio! Kila mtu anacho cha kuongeza sauti ili asisikie: wengine ni kazi, wengine ni chupa, wengine ni mikutano ya kanisa isiyokwisha. La pili, tuulize lini kabla ya kuuliza nani. Nani huleta ugomvi. Lini huleta ufahamu. La tatu, tumpe nafasi yule anayekaa upande mwingine. Anayeendesha ameshika usukani, macho yako barabarani, mawazo yako mbele. Hawezi kusikia kila kitu. Mwingine amekaa kimya kando yake, hana cheo, hajui kuendesha, pengine hata haoni vizuri, na huyo ndiye aliyesikia. Nyumbani mwako ni nani? Ni mkeo? Ni mtoto wa mwisho? Ni yule mzee unayemjibu, "Si kitu, tulia"?

Sisi tulimwomba Mama msamaha pale pale chini ya mti. Hakutupa hotuba. Alisema tu, "Ninyi mna haraka. Mimi kazi yangu ni kukaa."

Pedi zilibadilishwa kulia na kushoto, kwa maana hazibadilishwi upande mmoja tu. Vile vipini vikasafishwa na kupakwa grisi inayofaa breki. Diski ilikuwa imekwaruzwa kidogo lakini ilipona. Gharama yake ilikuwa chini ya fedha tulizokwisha kuzitapanya kwa kubahatisha. Safari ikasogezwa kutoka Jumanne hadi Jumatano, ili kijana ajaribu gari tena likiwa limepata moto.

Jumatano tukapita Runyenjes, tukapita Chuka, tukafika juu ya bonde la Nithi. Tukatia gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari, tukashuka polepole. Breki zilikamata kila tulipozigusa. Redio ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipokuwa darajani, ndipo Mama akageuza kichwa dirishani na kusema, "Sasa nausikia mto."

Alimkuta dada yake akiwa hai, wakashikana mikono wakakaa hivyo mpaka jioni. Sisi tulikaa nje kwenye nyasi, mume na mke, tukasemezana mambo ambayo tulikuwa hatujasemezana kwa muda mrefu. Hayo hatutayaleta redioni. Tutasema tu kwamba tuliulizana, "Ni lini?" na kila mmoja akamwacha mwenzake ajibu mpaka mwisho.

Wapenzi wasikilizaji, usiku huu kabla hamjalala, nyamazeni kidogo. Na kama kuna kitu kinacholia, msikiambie kimezeeka.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyemwita mtoto usiku wala hukuchoka alipokimbilia pasipo, utuite na sisi tena. Utupunguzie makelele tunayoyawasha kwa mikono yetu. Utupe moyo wa kuulizana kwa upole na masikio ya kungoja jibu. Uwakumbuke wote walio barabarani usiku huu, madereva na abiria, na hasa wanaoteremka milima. Na mahali tunapoisha upande wa ndani usioonekana na watu, usituache tuishe kimyakimya. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.